Nilisema Nimefunga

Wiki iliyopita nilisifiwa msibani, na tangu siku hiyo moyo umenikaa upande. Mtu mwingine akisifiwa mbele ya uwanja mzima anarudi nyumbani anapiga mluzi. Mimi nilirudi hapa Same, nikafungua kibanda changu cha pancha karibu na stendi, akaja kijana wa bodaboda tairi la nyuma halina upepo, nikamzibia la mbele. Akaondoka, baada ya muda namwona anarudi anasukuma. "Mzee, leo umeamkaje?" Nikamwambia nimeamka na sifa. Akacheka, akadhani ni utani wangu wa kila siku. Watu wa hapa wamezoea kwamba nikifungua mdomo ni kichekesho, na mimi mwenyewe nimewazoesha, kwa sababu mtu mwenye elimu ya nusu kidato cha pili asipochekesha ataambiwa nini?

Aliyefariki ni Mama Nakijwa, kule kwetu mlimani, amekula chumvi ya kutosha, hakuna aliyesema ameonewa. Aliyesimama kusema kwa niaba ya familia ni mkwe wake, Eliamani, mume wa Nakijwa na rafiki yangu tangu tukiwa tunachunga mbuzi. Siku hizi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kitambi cha heshima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Akashukuru majirani, akashukuru kwaya, akashukuru waliochemsha maji. Halafu akasema, "Kabla sijakaa, yupo mtu hapa lazima nimtaje. Yule pale nyuma, mwenye koti la kijivu." Koti lenyewe nilikuwa nimeazima, nikageuka kidogo nione kama mwenyewe naye kaja. "Ninyi mnamjua kama fundi pancha wa Same. Mimi namjua kama kijana ambaye, mama huyu alipoharibikiwa na shamba, aliacha shule akamlimia mwaka mzima. Mwaka mzima, ndugu zangu! Na hakupokea hata senti." Watu wakapiga makofi, msibani! Dada mmoja mbele yangu akajifuta machozi na ncha ya khanga, kisha akanigeukia akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Na yote aliyosema ni kweli. Hapo ndipo penye ugonjwa. Shamba liliharibika, kweli. Niliacha shule, kweli. Nililima mwaka mzima bila senti, kweli kabisa, kovu la jembe ninalo mguuni nikivua kiatu utaliona. Eliamani hajawahi kusema uongo juu yangu. Amenimaliza mara mbili katika maisha haya, na mara zote mbili kwa ukweli mtupu.

Sasa nieleze ile mara ya kwanza. Kule kwetu kuna ndiva, bwawa dogo lililochimbwa na mababu kwenye bega la mlima. Kijito kinaingia kwa juu, chini kuna tundu. Ukiziba tundu kwa gogo lililoviringishwa magome ya migomba na udongo, maji yanajaa. Ukizibua, yanashuka mferejini hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Na kwetu huwezi kusikia mtu anasema ameziba. Anasema amefunga. "Nani kafunga?" "Nimefunga mimi." Njia ile yote ya mlimani ukisikia hivyo huulizi kafunga nini, kama vile baharini mtu akisema ametupa hawamuulizi katupa nini. Msimamizi wa ndiva yetu alikuwa Mzee Kiondo, baba yake Eliamani, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, akiongea unainama ili umsikie, na ukishainama umeshamtii.

Mwaka ule masika yalichelewa. Mahindi yalijikunja majani kama mtu anayeficha kitu. Na ukingo wa ndiva ulikuwa na ufa, unaweza kuingiza mkono. Mzee Kiondo akatangaza makanisani kote, kwa Walutheri na kwetu Wakatoliki: mtu yeyote asifunge ndiva mpaka Jumanne ya baada ya Pasaka, tutakapotoka wote kwa msaragambo, yaani kazi ya kijiji, tuushindilie ukingo. Mimi na Eliamani tulikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha pili, dawati moja, kalamu moja ya akiba tukipokezana. Yeye alikuwa na akili, mimi nilikuwa na majibu. Mwalimu akiuliza swali, Eliamani anajibu vizuri, mimi najibu vibaya darasa linacheka, na wote wawili tunaonekana tunashiriki.

Ijumaa Kuu nilikuwa nimefunga. Naomba niseme ukweli: nilifunga kidogo kwa ajili ya mateso ya Bwana, na zaidi kwa ajili ya Nakijwa, aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya na ambaye nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba yeye Ijumaa Kuu hagusi kitu mpaka jua lizame. Nikaona hapa ndipo pa kukutana naye, njaani. Saa saba nikapita kwa kina Eliamani. Nyumba yao iko kwenye njia ya ndiva, nyumba ya mwisho kabla ya mgomba wa kona. Mama yake alikuwa amepika makande, mahindi laini yamepasuka, maharage yamekolea, maziwa yamemiminwa juu, na chumba chote kinanukia mpaka mate yanakusaliti. Eliamani alikuwa ndiyo kwanza anaingia, suruali imelowa magotini, udongo mwekundu umeganda kwenye kucha. Akanawa. "Umetoka wapi siku ya leo?" nikamuuliza. "Juu," akasema. "Kesho zamu yetu. Mahindi yanakufa." Sikumuuliza zaidi, nilikuwa naangalia sufuria. Akapakua sahani mbili, moja akanisogezea. "Kula, bwana." Nikairudisha kwa uchungu kama mtu anayerudisha mtoto. Nikasema, "Mimi nimefunga."

Hayo ndiyo maneno. Mawili. Nimeyarudia kichwani miaka arobaini na sijaweza kuyaongeza wala kuyapunguza.

Saa kumi mvua ikapiga huko juu. Sisi tuliokuwa chini tulifurahi, tukatoa ndoo. Kabla ndoo hazijajaa tukasikia mlio, si radi, kama lori linamwaga mawe. Ukingo ulikuwa umeachia. Maji ya ndiva nzima yalishuka kwa Mama Nakijwa, mjane, yakabeba tangawizi yake, maharage yake, udongo wenyewe na jiko lake la nje na mbuzi wawili. Yeye na binti walikuwa kanisani, ndiyo salama yao. Tulipopanda kuangalia, gogo lilikuwa limekaa tunduni, limekazwa vizuri na magome ya migomba. Mtu alikuwa amefunga.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, kwamba mtu atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Siwezi kukataa, Jumatatu ya Pasaka uwanja wa balozi wa nyumba kumi ulijaa kuliko kanisa. Balozi akauliza nani anajua lolote. Kisha akauliza vijana waliopita njia ya ndiva Ijumaa wasimame. Nikasimama mimi, akasimama Eliamani. Akaanza na Eliamani kwa sababu ni mtoto wa msimamizi na anaongea vizuri.

"Ulimwona mwenzako Ijumaa?"

"Ndiyo, nilimwona."

"Wapi?"

"Njia ya ndiva, pale kwetu."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Alisema lolote?"

Eliamani akamwangalia baba yake, kisha akaangalia miguu yake. "Alisema, mimi nimefunga."

Uwanja ukaguna. Balozi naye hakuwa mjinga, akauliza, "Alisema amefunga ndiva?"

"Hakusema amefunga nini. Alisema nimefunga tu."

Mimi nilikuwa natabasamu. Naapa, nilikuwa natabasamu, nikijua sasa hivi anamalizia. Bado sentensi ilikuwa haijaisha kwangu, ilikuwa inangoja sahani na makande na ile "kula, bwana." Nilimwangalia kama unavyomwangalia mtu anayesimulia kichekesho chenu, unangoja afike mwisho mcheke pamoja. Akakaa chini.

"Ulisema hivyo au hukusema?" balozi akanigeukia.

"Nilisema, mzee, lakini ile nimefunga ilikuwa ya Ijumaa Kuu! Nilifunga kula!"

Hapo ndipo Nakijwa, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, akasema kwa sauti ile ile ya kwaya, "Lakini mimi nilikuona saa tano unatafuna muwa." Uwanja ukaangua kicheko. Na ni kweli nilikuwa nimetafuna muwa. Mimi nilikuwa nimeuhesabu kama maji. Nikajaribu kueleza habari ya muwa na maji, wakacheka zaidi, mzee mmoja akashika mbavu, na mimi, kwa ujinga wangu, nilipoona wanacheka nikaongeza chumvi, nikaigiza mtu anayetafuna huku anasali. Nilizoea kwamba watu wakicheka niko salama. Nilipokuja kusema, "Muulizeni Eliamani alitoka wapi na udongo kwenye kucha," balozi alikuwa anajifuta machozi. "Kaa chini, bwana mdogo. Udongo nani hana?" Mzee Kiondo akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kijana ni mtundu, si mbaya." Nikainama kumsikia, na nikawa nimekiri.

Hukumu: nimlimie mama yule mpaka shamba lirudi. Na mimi na Eliamani tusikanyage shule kwanza, mshitakiwa na shahidi, mpaka mwalimu mkuu atakapoona mambo yametulia.

Nilianza kubeba udongo. Ukitaka kujua udongo ni nini, ubebe kwa karai kutoka bondeni kupandisha, uurudishe pale ambapo maji yaliutoa kwa dakika moja. Mchana nilikula kwa Mama Nakijwa, kwenye jiko jipya lililojengwa kwa haraka, miti imesimamishwa lakini haijakandikwa, moshi unatoka kila upande. Nilikaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamefika masikioni. Aliniwekea makande kwenye bakuli la bati lenye maua, chakula kingi, hakuninyima hata siku moja, ila hakuongea. Nakijwa alikuwa anaweka bakuli chini kama unavyomwekea mbwa asiyejulikana kama anauma. Yule niliyefunga kwa ajili yake!

Wiki ya pili, nikiwa jikoni, nikasikia sauti ya Mzee Kiondo upande wa pili wa miti. Nilikuwa nimekosa mwanzo, nilikuwa nakwangua bakuli. Nikasikia, "…kijana anarudi shule Jumatatu. Nimeshaongea na mwalimu mkuu. Kosa ni kosa, lakini tusimharibie maisha kwa siku moja ya utoto." Mama Nakijwa akasema, "Mimi sina neno, mzee. Mradi shamba langu." Mzee akasema, "Shamba litalimwa." Mimi kule ndani nilishika bakuli kifuani. Kijana ni mimi! Utoto ni wangu! Nikamsamehe Mzee Kiondo pale pale, nikamsamehe na Eliamani, nikaona labda ndiye aliyeenda kumwambia baba yake ukweli. Jumapili nikafua sare, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka kaptula ikasimama yenyewe. Jumatatu nikashuka shuleni naimba.

Mwalimu mkuu alinikuta mlangoni mwa darasa. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Wewe nani kakuita?" Nikasema nimesikia kwamba kijana anarudi. Nadhani alinihurumia. "Kijana amesharudi," akasema. Nikachungulia ndani. Eliamani alikuwa kwenye dawati letu, upande wangu, wa dirishani, anaandika. Ubaoni hapakuwa na kitu. Sijui alikuwa anaandika nini.

Njiani kupanda ndipo nilipoyapanga upya maneno yale, moja moja. Kosa ni kosa. Siku moja ya utoto. Shamba litalimwa. Kila neno lilikuwa limekaa pale pale nilipolisikia, lakini sasa yalikuwa yanamzungumzia mtu mwingine. Na nikaelewa pia kwamba mzee alijua, na kwamba mama aliyekuwa ananipakulia makande alijua. Nilivua shati la shule kwa sababu lilikuwa safi, nikaingia shambani kifua wazi. Mama Nakijwa aliniona nikipita na sare mkononi. Siku hiyo kwenye makande aliweka nyama.

Nililima. Masika yakapita, vuli ikaja, tangawizi ikashika. Nilijifunza kuchekesha nikiwa shambani, maana wapita njia walikuwa wananiita "Bwana Kufunga," na ukikasirika jina linakuwa la maisha, ukicheka linaisha haraka. Nilikuwa nawajibu, "Njoo nikufunge na wewe." Jina halikuisha, lakini nilipata watu wa kusimama nami dakika mbili. Eliamani alikuwa anapita jioni na madaftari yake. Mwanzoni alikuwa anazunguka kwa juu. Baadaye akaacha kuzunguka, akawa anasema, "Pole na kazi." Nilikuwa naitikia, "Nimeshapoa." Kila mara nilisimamisha jembe kidogo, kama kuna kitu anataka kuongeza. Hakuwahi kuongeza.

Siku ya mwisho tulivuna tangawizi. Mama Nakijwa alikaa nami pale jikoni, ukuta sasa umekandikwa, moshi unapita juu kama unavyotakiwa. Nikamuuliza kwa adabu zote: "Mama, kumbe ulikuwa unajua?" Hakujifanya hajaelewa. Akamenya kipande cha tangawizi kwa ukucha, akasema, "Mwanangu, ningeshika ukweli, Mzee Kiondo angekasirika, na mtoto wake halimi. Wewe unalima. Mimi mwaka ule nilihitaji mikono." Akanipa mzigo wa tangawizi niende nao. Sikuuchukua, nikasema mgongo unauma. Mgongo haukuwa unauma. Shuleni jina langu lilikuwa limeshakatwa, nikashuka Same, nikajifunza kuziba matundu. Hiyo kazi imenikaa vizuri: tundu likizibwa linaonekana, na hakuna anayeuliza lilizibwa na nani.

Eliamani alimaliza shule, akaenda chuo cha ualimu, akarudi anafundisha Kiswahili. Wanafunzi wake wakija kwangu na baiskeli wananiambia, "Mwalimu Eliamani ni mkali sana kwenye maana. Anasema neno halina maana likiwa peke yake, lazima uangalie limekaa na nani." Namwambia mtoto, mwalimu wako anajua, msikilize. Miaka michache baada ya chuo alifunga tena, safari hii ndoa, na Nakijwa. Nilialikwa. Siku hiyo mimi sikufunga, nilikula pilau sahani mbili.

Basi nirudi kwenye ule msiba. Makofi yalipoisha, watu waliniangalia nisimame niseme neno. Nilisimama. Niliangalia jeneza, nikaangalia uwanja. Wale wazee waliocheka habari ya muwa hawapo tena, wote wako upande wa jeneza. Nakijwa alikuwa mstari wa mbele, nywele nyeupe chini ya kitambaa, ananitazama kwa macho ambayo ningelipa meno yote kuyapata nikiwa na miaka kumi na saba. Na Eliamani ameshika kipaza sauti, hakai. Nilimsubiri. Jamani, miaka arobaini, na mimi bado nilimsubiri amalizie. Akanipa kipaza sauti. Nikasema, "Namshukuru mama kwa makande." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kushusha pumzi, nikakaa.

Baada ya mazishi chakula kikatoka. Nilikuwa nimekaa pembeni chini ya turubai, tumbo linaongea, maana nilipanda toka alfajiri. Eliamani akaja mwenyewe, kashika sahani mbili, Nakijwa nyuma yake na jagi la maji ya kunawa. Makande, na maziwa juu. Akanisogezea moja. Sura yake ilikuwa imelainika, nadhani alidhani tumeshalipana.

"Kula, bwana," akasema.

Nikamwangalia. "Mimi nimefunga."

Alisimama vile vile mkono umenyooka. Nakijwa akacheka, "Kaka, umefunga? Siku ya leo? Umefunga nini?"

Nikainuka, nikachukua koti la watu. "Muulize mwalimu," nikasema. "Alikuwepo."

Nikashuka njia ya chini. Njaa ilikuwa inaniuma kama adhabu na yale makande yalinifuata kwa harufu mpaka kwenye mgomba wa kona. Pale nikageuka. Eliamani alikuwa bado ameshika sahani zote mbili, na Nakijwa alikuwa ameweka jagi chini, anamngoja.